Nataka kuwa msomi wa sheria za kupinga ubaguzi, nyumbani wanasema hiyo si kazi

SWALI

Shikamooni washauri.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mwanga, Kigoma mjini. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sheria kwa GPA ya 3.6 na sijaenda Shule ya Sheria, wanakofunzwa mawakili. Nafanya kazi katika shirika dogo la msaada wa kisheria, ambako naandika malalamiko na kuwasindikiza watu mahakamani na kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Wanaokuja kwetu shida zao zinafanana. Mjane anaambiwa shamba ni la ukoo. Dada mmoja mkataba wake umekatishwa mara tumbo lilipoanza kuonekana, akiwa kazini mwezi wa nne tu. Kijana wa Buhigwe amekwenda kwenye usaili akaambiwa jina lake "si la hapa", akathibitishe kwanza uraia. Mashauri haya yakifika mbele, neno ubaguzi halionekani tena. Yanageuka kuwa ya mirathi, ya mkataba au ya nyaraka.

Natamani kulifanya jambo hili kazi ya maisha: kutafiti, kufundisha, kuandika. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenisomesha, anasema ubaguzi ni mada ya wiki mbili darasani na si fani, niende nikawe wakili nile. Mwenzangu kazini anasema kwa 3.6 hakuna chuo kitakachonichukua. Je, nianze na uzamili au uwakili? GPA yangu imefunga mlango? Na ni lazima niondoke Kigoma?

Msomaji, Mwanga

JIBU

Marahaba, mdogo wetu.

Baba yako mdogo ana hoja, na usimpuuze. Katika vyuo vyetu mwanafunzi wa sheria hukutana na ubaguzi vipande vipande: kidogo kwenye katiba, kidogo kwenye ajira, kidogo kwenye ndoa na ardhi. Hali hiyo inatokana na sheria zenyewe. Uingereza ina sheria moja ya usawa ya mwaka 2010, yenye sifa tisa zinazolindwa. Afrika Kusini ina yake ya mwaka 2000. Sisi hatuna sheria moja ya namna hiyo. Tuna Ibara ya 13 ya Katiba, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008, na vifungu vingine vilivyotawanyika huku na kule.

Kazi ya msomi inaanzia hapo hapo, kwa sababu vipande hivi havilingani. Ukiiweka Ibara ya 13(5) kando ya kifungu cha 7(4) utaona. Katiba inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Sheria ya ajira inaongeza mimba, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU na umri. Sasa mtu mwenye ulemavu aliyebaguliwa nje ya ajira, kwa mfano katika kupanga nyumba, asimamie wapi kikatiba? Je, "hali ya maisha" inaweza kumfunika? Anayejibu swali hilo kwa hoja iliyoshiba hukumu ndiye anayeitwa msomi wa fani hii, na waliokwisha kulijibu kwa kina hapa nchini si wengi.

Huyo dada wa mwezi wa nne naye ni somo zima. Masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita. Ukimfungulia shauri hilo, mwajiri atasimama na kifungu cha 35 cha sheria hiyo ya ajira na shauri litaanguka siku ya kwanza. Kifungu cha 7 hakina kizuizi cha miezi sita, na kinamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi, akiwemo kijana wako wa Buhigwe. Tena mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye aonyeshe kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba alichofanya hakikutokana na sababu inayokatazwa. Kwa hiyo neno linapopotea njiani, mlalamikaji anapoteza pamoja nalo kinga dhidi ya kigezo cha miezi sita na nafuu ya mzigo wa ushahidi. Haya uliyoyaona ofisini ni mwanzo wa utafiti, ila bado hayajapangwa.

Basi anza kuyapanga kabla hujaomba chuo chochote. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kusanya hukumu kati ya 30 na 50 za miaka ya karibuni zinazogusa ubaguzi katika ajira, nyingi zikiwa za marejeo, yaani za kupitia upya tuzo (maamuzi) za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usitafute kwa neno ubaguzi peke yake, utapata chache mno, kwa sababu ile ile uliyoiona mwenyewe. Tafuta kwa namba ya kifungu, kisha kwa mimba, ulemavu, umri, kabila, ukitumia Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa hukumu nyingi bado zimeandikwa Kiingereza licha ya mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Kila hukumu ipe ukurasa mmoja. Andika sababu ya ubaguzi iliyodaiwa, na sababu uliyoiona wewe hata kama haikudaiwa. Andika kitendo chenyewe, nani alilinganishwa na nani, ushahidi gani uliletwa, mzigo ulihama au haukuhama, mwajiri alijitetea vipi, amri iliyotolewa na kiasi cha fidia, na muda kutoka tukio hadi hukumu. Safu ya ulinganisho ndiyo itakayokuchosha na ndiyo yenye mali. Mashauri mengi ya namna hii hudhoofika kwa sababu mlalamikaji anasema "nimebaguliwa" bila kuonyesha mtu mwingine, katika nafasi inayofanana na yake, aliyetendewa tofauti. Mwenye mimba hana mwanamume wa kulinganishwa naye, hivyo ulinganisho utafutwe kwa njia nyingine: alitendewaje yeye mwenyewe kabla na baada ya mwajiri kujua, au alitendewaje mfanyakazi aliyeugua muda mrefu. Ukishasoma hukumu thelathini kwa jicho hilo utaanza kuona mahakama inapoyumba, na hapo ndipo swali la tasnifu linapozaliwa.

Soma pia mashauri ambayo kila msomi wa eneo hili anayajua. La kwanza ni la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa baba yake kwa wosia, akaliuza shilingi 300,000, mpwa wake akashtaki kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inapingana na haki ya usawa iliyomo katika Katiba. Angalia lilikoanzia: mahakama ya mwanzo, wilayani Muleba. La pili ni la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuhusu umri wa ndoa wa wasichana katika vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, lililoamuliwa Mahakama Kuu mwaka 2016 na kuthibitishwa na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Kwa wajane wako, usikose uamuzi wa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, wa mwaka 2015, uliohusu wajane wawili wa Kitanzania walionyimwa urithi kwa sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963.

Kuhusu kuondoka Kigoma, tunakuomba ulitazame upya. Mwaka 2020 sheria inayosimamia utekelezaji wa haki za msingi ilirekebishwa. Marekebisho hayo yalimtaka anayefungua shauri la kikatiba chini ya sheria hiyo aambatanishe hati ya kiapo inayoeleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Zamani wakili au mwanaharakati aliyeko Dar es Salaam aliweza kupinga kifungu cha sheria kwa niaba ya umma bila kuguswa nacho. Njia hiyo ilibanwa sana. Thamani ya mtafiti aliye karibu na walioguswa, anayewajua na anayeaminiwa nao, imepanda. Nanyi mna masjala ya Mahakama Kuu hapo hapo Kigoma, na nyingine ya zamani Tabora.

Mkoa wenu una maswali ambayo hayawezi kuulizwa vizuri kutoka kwingine. Chukua la kijana wa Buhigwe. Kifungu cha 7(4) kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Huu wa pili ni ule wa sharti linaloonekana sawa kwa wote lakini likitekelezwa linawaangukia watu wa kundi fulani. Msingi wake mkubwa duniani ni shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, la Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Kampuni ilidai cheti cha sekondari na mitihani kwa kazi ambazo hazikuhitaji vitu hivyo, na masharti hayo yakawaengua zaidi wafanyakazi weusi. Mahakama ilisema kwamba nia njema ya mwajiri haitoshi kama sharti halihusiani na kazi yenyewe. Sasa uliza: mwajiri binafsi anapodai namba ya kitambulisho cha taifa siku ya usaili, sharti hilo linawaangukiaje waombaji wa Buhigwe, Kasulu, Kibondo na Kakonko wakilinganishwa na wa mikoa isiyo ya mpakani? Ni ubaguzi wa mahali mtu alipotokea, au ni hitaji halali la kazi? Hilo linaweza kupimwa kwa matangazo ya kazi, mahojiano na takwimu. Kuna pia watu wa Ulyankulu, mkoani Tabora, na makazi mengine ya zamani, waliokuwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na kupewa uraia. Raia kwa hati, lakini wanapoomba kazi wanatendewaje? Na kuna watu wenye ualbino, ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu juu yao dhidi ya Tanzania Februari 2025. Mmoja wa waleta maombi katika shauri hilo alikuwa kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, yaani wasomi wenyewe. Mwonyeshe baba mdogo hilo.

Andiko la utafiti likija na kichwa "Ubaguzi nchini Tanzania" litarudishwa, na ndivyo inavyostahili. Funga pande nne: sababu moja ya ubaguzi, eneo moja la maisha, mahali, na kipindi. "Mimba na kukatishwa mikataba ya muda maalumu katika tuzo za Tume, Kigoma na Tabora, 2015 hadi 2024" ni andiko ambalo msimamizi anaweza kulisimamia. Kosa jingine ni kuchanganya ubaguzi na uonevu. Mwajiri anayemtukana kila mtu ni mbaya, lakini kama hawatofautishi kwa sababu inayokatazwa, huna shauri la ubaguzi hapo. Na si kila tofauti ni kosa. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa na sheria kuhakikisha angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na kuwatanguliza ili kufikia hapo ni hatua halali.

Majalada ya shirika lenu usiyaguse kwa utafiti bila ridhaa ya maandishi ya kila mteja na ya shirika. Walikuja kuomba msaada, hawakuja kuwa data, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana. Kufuta jina hakutoshi. Katika kata ndogo, ukiandika "mwalimu wa kike, mjane, mwenye ualbino" kila mtu ameshamjua, kwa hiyo badilisha au ficha kata, cheo na mwaka. Mazungumzo ya usuluhishi ni siri, lenga tuzo za uamuzi. Kwa mahojiano ya uwandani utahitaji barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ya kushuka wilayani na kwenye kata. Kambi za wakimbizi kama Nyarugusu zinahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na hicho anza kukiomba miezi kadhaa mapema. Watafiti wengi hukwama hapo muda wa ufadhili ukiwa unakatika.

Sasa GPA. Mwenzako hajakosea sana, na hatutakupa maneno matamu. Matangazo mengi ya nafasi za chini kabisa za kufundisha vyuo vikuu yanataka shahada ya kwanza isiyopungua 3.8, na kwa mhadhiri msaidizi uzamili usiopungua 4.0. Mengine yanashuka hadi 3.5. Kwa 3.6 nafasi zinazotaka 3.8 utazikosa, zinazoshuka hadi 3.5 unaweza kuziomba. Usidhani uzamili mzuri utaifuta shahada ya kwanza, kwa kuwa matangazo mengi huziangalia zote mbili. Lakini uzamili ulio chini ya 4.0 utakufungia hata pale ambapo 3.6 yako ingepita, hivyo ukiingia darasani usiende huku unafanya kazi ya siku nzima. Na kufundisha chuoni si mlango pekee. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya msaada wa kisheria na mashirika ya kimataifa huhitaji watafiti wa eneo hili. Waajiri nao wanatakiwa na kifungu cha 7 kuwa na mpango wa kukuza fursa sawa na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi, na kuandaa mpango wenye maana kunahitaji mtu anayejua. Kwa kupitia kazi hizo, ukiwa na shahada ya uzamivu na machapisho, unaweza kuingia chuoni kwa njia nyingine, ingawa kwa kuchelewa.

Kwa hesabu hiyo, wewe tungekushauri uanze na Shule ya Sheria, isipokuwa ukipata ufadhili wa uzamili kwanza. Ufadhili hausubiri, Shule ya Sheria ipo kila mwaka. Uwakili hautakiwi ili uwe mhadhiri, lakini kwa mtu mwenye 3.6 ndio utakaomlisha wakati wa uzamivu, na utakuruhusu kusimama mwenyewe mahakamani kwenye shauri ulilolitafiti. Hapo baba yako mdogo ameshinda nusu ya hoja, na mwambie hivyo. Mwaka mmoja wa Shule ya Sheria, mmoja hadi miwili ya uzamili, mitatu hadi minne ya uzamivu: unafika miaka 35 ukiwa na fani yako.

Uzamili wa haki za binadamu na demokrasia wa Pretoria ni wa mwaka mmoja, muhula wa kwanza kule, wa pili katika chuo mshirika kwenye nchi nyingine ya Afrika, na una ufadhili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha ushirikiano na Ujerumani ambacho kimekuwa kikifadhili uzamili na uzamivu wa sheria kwa watu wa Afrika Mashariki. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na miezi yako kwenye msaada wa kisheria inahesabika, kwa hiyo omba barua ya utumishi sasa. Katika barua ya maombi usiandike kwamba unachukia ubaguzi, kila mwombaji anauchukia. Andika ulichokikuta kwenye kurasa zako thelathini. Sentensi kama "katika hukumu hizi, mzigo wa ushahidi ulihamishwa mara chache kuliko kifungu kinavyoagiza", ikiwa na idadi yako mwenyewe nyuma yake, itasomwa mara mbili.

Chapisho la kwanza litoe kwenye sura moja ya tasnifu, usijaribu kuibana yote. Jarida la haki za binadamu la Afrika linalotoka Pretoria linasomwa bure mtandaoni, na Eastern Africa Law Review la Dar es Salaam linapokea mada za kwetu. Jarida linalokuandikia lenyewe, likiahidi kuchapisha ndani ya wiki na kudai fedha kabla makala haijapitiwa na wasomi wengine, liache, maana kamati ya kupandisha vyeo haitalihesabu.

Mwisho, yule dada. Shauri la ubaguzi lisilo la kuachishwa isivyo halali lina siku 60 tangu tukio, na la kuachishwa lina siku 30. Kama siku 60 hazijapita, mjazie fomu namba 1 ya Tume wiki hii, na kwenye aina ya mgogoro andikeni ubaguzi kwa sababu ya mimba, mkitaja kifungu cha 7. Kama zimepita, fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda iende pamoja nayo, ikieleza kila siku iliyochelewa. Ambatanisheni mkataba, kadi ya kliniki yenye tarehe, na ujumbe wowote wa simu unaoonyesha ni lini mwajiri alijua.